Kijiji cha Krismasi Mezani, Hadithi Daftarini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mvua za Desemba zikishachanganya na maembe yakakosa mnunuzi, maswali haya ya kuandika hadithi kwa kutazama kijiji cha Krismasi hurudi kwenye kikundi chetu cha uandishi hapa Tabora. Wengine huyaleta kwa simu, wengine husimama mlangoni na boksi mkononi. Nimeyapanga kuanzia ya anayeanza hadi ya aliyekwama katikati ya riwaya. Si lazima usome yote. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine, nimekuelekeza huko.

## Ya mwanzo

Kijiji cha Krismasi ni kitu gani hasa?

Ni mkusanyiko wa vinyumba vidogo vyenye taa ndani: kanisa, duka, stesheni, makazi ya watu, pengine na daraja na miti. Hupangwa mezani, juu ya kabati au chini ya mti wa Krismasi, na msimu ukiisha hurudi kwenye maboksi. Marekani na Ulaya kuna watu wanaovikusanya maisha yao yote. Kampuni ya Department 56 ya huko Minnesota ilitoa vinyumba vyake sita vya kwanza vya kauri mwaka 1976, vikiwa na theluji paani, na mwaka 1984 ikaongeza kijiji cha mtindo wa Uingereza ya karne ya 19.

Kila mara baadhi ya nyumba hutangazwa kwamba hazitatengenezwa tena. Wakusanyaji husema zimestaafu, na hapo ndipo huanza kuzisaka kweli. Nyumba iliyostaafu! Kwa mwandishi, hiyo peke yake ni hadithi, na nitairudia kwenye swali la kijiji chenye amani mno.

Kina tofauti gani na pango la kanisani?

Pango la kuzaliwa Yesu lina kisa chake tayari, na kila anayelitazama anajua mwisho wake. Fransisko wa Assisi alipoandaa lile la Greccio mwaka 1223, kwa ng'ombe na punda wa kweli, alitaka watu waione kwa macho habari waliyoisikia tangu utotoni. Kijiji ni kinyume chake: mahali papo, watu wapo, kisa hakuna. Hiyo ndiyo faida yake kwetu.

Mpaka wenyewe hata hivyo si ukuta. Mafundi wa Napoli walijaza mapango yao wauza samaki, waoka mikate na wenye vilabu vya mvinyo, hadi Mtoto Yesu akawa wa kutafutwa katikati ya soko. Kama parokiani kwenu pango lina mtaa mzima pembeni, anzia kwenye mtaa huo, uwaachie wachungaji na mamajusi kazi yao.

Mambo haya yalianzia wapi?

Mzizi wake mmoja ni Wamoravian, Wakristo wa kanisa la Kiprotestanti. Waliohamia Pennsylvania na kuanzisha mji wa Bethlehem mwaka 1741 walileta desturi ya kupanga mandhari nzima ya Krismasi, yenye mawe, majani, wanyama na vijumba. Huiita putz. Katika baadhi ya makanisa yao mandhari hiyo husimuliwa gizani: sauti inaeleza, na taa huwashwa sehemu moja baada ya nyingine kufuata maneno.

Hao si watu wa mbali na sisi. Wamoravian walipokea misheni ya Urambo mwaka 1898, na Jimbo la Magharibi la kanisa lao lina makao yake hapa Tabora mjini. Ile mbinu ya kuwasha taa kwa zamu ndiyo ninayoitegemea kuliko nyingine zote, na maelezo yake yako kwenye swali la wapi pa kuanzia.

Kwa nini nisikae tu nikaandika?

Kaa uandike, nani kakukataza? Ila wengi wanaokuja kwetu hawana shida ya cha kusema. Shida yao ni mji unaohamahama. Sura ya kwanza duka la Mangi liko mkono wa kulia wa msikiti, sura ya nne limevuka barabara, na kisima kilichokuwa nyuma ya shule sasa kinaonekana kutoka dirishani kwa mganga. Kijiji cha mezani hakihami. Ukitaka kujua kama mke wa fundi baiskeli anaweza kumwona mumewe akiingia kilabuni, unainama unatazama.

Jambo la pili ni uhaba. Una milango tisa tu. Mhusika akikimbia, atakimbilia mmojawapo wa hiyo minane iliyobaki, na utalazimika kujua kwa nini huo.

## Kukipata na kukijenga

Vinyumba hivi vinauzwa Tabora?

Vya viwandani, mara chache. Hujitokeza kwenye mitumba ya vyombo na midoli, kimoja kimoja, aghalabu bila balbu na paa limemeguka. Dar es Salaam, Kariakoo, mapambo ya Krismasi huwa mengi mwishoni mwa mwaka, na ukimwagiza mtu anayerudi na treni utapata kitu.

Ushauri wangu: kimoja cha mitumba kinatosha, vingine tengeneza mwenyewe. Hicho kimoja kitakuwa mgeni wa mji, nyumba ya kizungu yenye dohani katikati ya mabati ya mtaa wetu wa Ng'ambo. Kila atakayekiona atauliza ni kwa nani pale, nawe itabidi uwe na jibu.

Nitengeneze kwa kutumia nini?

Kuta ni boksi gumu la sabuni, wembe na gundi. Madirisha yakate kabla hujakunja boksi, la sivyo utaponda kuta. Kwa ndani bandika karatasi nyembamba uliyoipaka mafuta ya kula, taa itapoa na kuwa ya njano kama ya koroboi.

Paa ndilo lenye raha. Chukua boksi lenye mawimbi katikati, lilowanishe kidogo, ubandue karatasi ya upande mmoja taratibu. Mawimbi yanatokeza, na una bati. Paka rangi ya fedha upate nyumba iliyojengwa juzi kwa hela ya tumbaku. Paka kahawia iliyochujuka kuanzia kwenye misumari kushuka chini, upate bati lililorithiwa. Mimi hupendelea la pili, lina mambo mengi.

Watu, mbuzi na mitungi: udongo wa kichuguu. Uponde, uuchekeche, uchanganye na mchanga laini kidogo usipasuke, kisha ukaushie kivulini. Uzio wa minyaa unatoka kwenye uzi wa kijani uliokatwakatwa. Miembe usiisahau. Kijiji cha Tabora bila mwembe watu watajua umekiiga.

Niweke theluji?

Usiweke, isipokuwa hadithi yako inatokea huko inakoanguka. Pamba juu ya paa inafunika vile vitu unavyotakiwa kuviona: mchirizi wa maji ukutani, ndoo chini ya bati linalovuja, kandambili zenye tope zimepangwa kizingitini na jozi moja haimhusu mtu wa nyumba hiyo.

Hali ya hewa katika hadithi ni mfanyakazi. Theluji huko kwao huwafungia watu ndani, ndiyo maana hadithi zao nyingi za Krismasi ni za watu waliobanana kwenye chumba kimoja na moto. Mvua yetu hukata barabara, huchelewesha treni, huleta uyoga kandokando ya barabara na kumtoa kila mtu shambani asubuhi na mapema. Ukiazima theluji, unaazima na mwendo wa kisa chao.

Sanamu zangu ni kubwa kuliko milango. Nimekosea vipimo?

Hata za kampuni kubwa huwa hivyo. Watengenezaji hukuza watu ili nyuso zionekane, na hupunguza nyumba ili zienee mezani. Mweke mwanamume wa udongo mbele ya mlango wake uone: kizingiti cha juu kinamfika kifuani.

Wengine hurekebisha. Mimi ningemwacha hapohapo na kuuliza kwa nini haingii kwake. Mwanakikundi mmoja aliandika hadithi nzuri sana kutokana na kasoro hiyo: baba aliyerudi kutoka machimboni akakuta watoto wameizoea nyumba bila yeye, kila anapokaa anakuwa amekalia kiti cha mtu. Kwenye hadithi nzima hakuna mlango mdogo hata mmoja.

Vipi kuhusu taa na umeme?

Vinyumba kutoka Marekani vimeundwa kwa umeme wa volti 120. Wa kwetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja balbu itaungua papo hapo, na waya mkuukuu unaweza kuleta moto. Tumia transfoma ya kushusha umeme, au ng'oa taa yake na uweke za LED za betri. Kwa nyumba za maboksi, LED za betri tu. Balbu inayopata moto ndani ya boksi ni hatari, na mshumaa usiuwazie kabisa.

Betri zina faida nyingine: umeme wa mtaa ukikatika, kijiji chako kinabaki kinawaka, na watoto wa jirani watakuja wenyewe. Sikiliza wanavyoviita vile vinyumba. Huwa wanagawana: "Hii ya kwetu, ile ya kwa akina Doto." Hapo umepewa umiliki wa nyumba zote bila jasho.

Kumbikumbi wanajaa kwenye taa. Nifanyeje?

Zima kijiji, washa taa ya nje na uweke beseni la maji chini yake. Watahamia huko, na kesho mna kitoweo. Mbawa walizoacha juu ya mapaa zifagie kwa brashi ya rangi, au uziache. Kwa kipimo cha kijiji, ubawa mmoja ni mkubwa kama shuka, na nimeshaona mtu akianzia hapo kuandika habari za ajabu za usiku ambao mbingu ilimwaga shuka juu ya mji.

## Kutoka mezani kwenda kwenye daftari

Nianzie wapi? Nakitazama saa nzima sipati kitu.

Hupati kwa sababu taa zote zinawaka. Kijiji kinachowaka chote ni pambo. Zima zote, kisha washa nyumba moja, yoyote. Andika aya moja kuhusu aliyemo, akiwa na kazi ya mikono: anakwangua ukoko wa ugali sufuriani, anashona kifungo, anatafuta betri ya redio. Hisia zake usizitaje.

Sasa washa ya pili, na ujiulize swali moja tu: huyu wa pili anajua nini kuhusu wa kwanza ambacho wa kwanza hataki kijulikane? Ukilijibu hilo, umeshapata jambo. Nyumba ya tatu iwashe pale tu hao wawili wanaposhindwa kulimaliza lao wenyewe. Zilizobaki ziache gizani hata kama ni nzuri, hata kama ulizihangaikia wiki nzima.

Mpangilio wa kuwasha ndio mpangilio wa msomaji kujua, na huo ndio unaoamua atakuwa upande wa nani. Tazama. Tunawasha duka: Mangi anafungua daftari la mkopo, anapigia mstari jina la Mama Kulwa mara mbili. Kisha tunawasha kwa Mama Kulwa: anasukumia noti ndani ya kopo la majani ya chai na kulifunika haraka. Msomaji ameshamhukumu, mdaiwa sugu huyu.

Geuza. Washa kwanza kwa Mama Kulwa: anamimina kopo la chai mezani, anahesabu nauli ya mwanawe aliyekwama Mpanda, haijatimia, anazirudisha. Halafu washa duka, daftari, mstari mara mbili. Matukio ni yaleyale, lakini sasa mwenye mkono mzito ni Mangi, na hakuongezewa neno hata moja. Kama kuna kitu kimoja tu utakachochukua kwenye ukurasa huu wote, chukua hilo la kugeuza.

Kijiji changu kina amani mno. Hakuna kinachotokea.

Ndivyo kilivyokusudiwa. Anayeuza kijiji cha Krismasi anauza utulivu, kwa hiyo ameondoa kila kinachowagombanisha watu. Angalia vizuri: hakuna choo. Hakuna jalala wala makaburi, hakuna mahakama ya mwanzo, hakuna kilabu cha pombe, hakuna anayedaiwa. Duka limejaa bidhaa na halina daftari la mkopo. Hapo hata mimi ningekosa cha kuandika.

Ongeza kimoja tu kati ya hivyo. Weka choo kimoja katikati ya nyumba mbili, tayari kuna suala la nani anafagia na nani anachelewa humo asubuhi. Weka kaburi moja nyuma ya nyumba, mbali na makaburi ya wote, na mtu wa kwanza kutembelea meza yako atauliza kwa nini huyu alizikwa peke yake.

Njia ya pili ni kuondoa. Chukua nyumba moja ya katikati uitie kwenye boksi, uache alama yake mezani. Hiyo ndiyo nyumba iliyostaafu. Majirani bado wanaelekezea njia kwayo, "ukifika pale palipokuwa kwa Mzee Mihayo, kata kushoto," na watoto waliozaliwa baadaye wanakata kushoto penye uwanja mtupu bila kushangaa. Wengi wana haraka ya kujaza meza. Mara nyingi pengo lina faida kubwa kuliko nyumba mpya.

Sanamu haina uso wala jina. Nitapataje mhusika humo?

Sanamu imegandishwa katika tendo moja. Mwanamke ameinua mkono. Usiulize yeye ni nani, bado mapema. Uliza mkono ule dakika moja iliyopita ulikuwa wapi. Ulikuwa umeshika nini? Anamwita mtu, anamwaga, au anajikinga? Mgeuze atazame upande mwingine na maana inabadilika: akitazama stesheni anapunga, akitazama ukuta sijui anafanya nini, na kutojua huko ndiko kutakakokuvuta uandike.

Jina lije baadaye, na lifanye kazi. Ukimwita Shija, msomaji wa huku ameshajua kwamba walitangulia mapacha, ataanza kuwatafuta. Kama hawamo kwenye hadithi, ajue kwa nini hawamo.

Nisimulie kutoka juu au kutoka ndani?

Ukisimama unaona mapaa yote kwa pamoja. Huyo ni msimulizi anayejua kila kitu, na ni mtamu kwa ukurasa wa kwanza. Baadaye anachosha, maana hakuna anachoweza kukikosa. Piga magoti mpaka jicho lilingane na ukingo wa meza. Sasa kanisa limeziba nusu ya mtaa, unaona dirisha moja na kipande cha uzio. Huyo ni mhusika. Ukiwa umekwama kwenye tukio, badilisha mahali ulipokaa kabla hujabadilisha sentensi.

Wahusika waongee Kiswahili gani?

Cha mtaani kwao. Mzee wa Kinyamwezi akiingia na "mwangaluka", aachwe aitikiwe hivyohivyo, msomaji ataelewa kuwa ni salamu ya asubuhi. Kijana wa stendi asiongee kama taarifa ya habari. Zaidi ya hapo sina sheria.

Nimeandika kurasa kumi za kuelezea vinyumba na hadithi haijaanza.

Zikate. Umeshazitumia kuujua mji, kazi yake imekwisha. Acha vitu vitatu ambavyo mhusika anavigusa.

## Stesheni, reli na Tabora ya zamani

Kila kijiji cha kununua kina treni. Ninaweza kuweka ya kwetu?

Weka, na huna haja ya kuipamba. Stesheni ya Tabora ni njiapanda: reli inayotoka Dar es Salaam hugawanyika hapa, upande mmoja Mwanza, mwingine Kigoma, na ukifika Kaliua kuna tawi la kwenda Mpanda. Mabehewa hukatwa na kuunganishwa upya. Mtu aliyelala kwenye behewa lisilo lake anaamka anaelekea kusiko, na aliyeahidiwa kuku wa Krismasi anamsubiri kwingine. Sijaona kijiji cha dukani chenye stesheni inayoweza kukupa hayo. Treni zao huzunguka meza na kurudi zilikotoka.

Uliza pia nani anaishi kwa kuisubiri treni: mwenye karanga, mwenye asali kwenye chupa za maji, mpagazi, mama wa chai na maandazi saa nane ya usiku. Nyumba zao ziko upande gani wa reli? Kuvuka reli Tabora kuna maana yake, muulize yeyote aliyekulia hapa.

Mimi ni wa Kigoma. Kwetu reli inaishia hapo. Nifanyeje?

Una bahati tofauti. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na mbele yake ni ziwa, kwa hiyo stesheni yako ni ya watu waliofika mwisho wa njia na bado safari ipo. Jenga bandari. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa ndani ya maboksi na kuunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, ikaopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina tunalolijua. Meli iliyofika kwa maboksi inastahili kukaa kwenye kijiji cha maboksi. Migebuka ya kuanika itengeneze kwa karatasi ya sigara ile inayong'aa.

Nataka kijiji cha Tabora ya kale. Nichunge nini?

Chunga miaka, maana msomaji wa hapa atakukamata. Usilete treni kabla ya 1912, ndipo reli ilipofika Tabora. Mtemi Mirambo alifariki mwaka 1884 na Mtemi Isike mwaka 1893, kwa hiyo mtoto aliyewaona wote wawili ana umri unaoweza kuuhesabu. Wabelgiji waliingia mjini Septemba 1916. Livingstone alikaa kwenye tembe ya Kwihara, karibu na mji, mwaka 1872 akisubiri wapagazi aliotumiwa na Stanley, na tembe ile unaweza kwenda kuitazama kabla ya kukata boksi: kuta nene, paa la bapa, ua ndani.

Hata hivyo usiwajaze watu wakubwa mezani. Mpe taa mpagazi aliyekuwa akingojwa, au mwanamke aliyewauzia mtama wakati wa kungoja, na Livingstone abaki kwenye nyumba isiyowashwa.

## Ya pembeni

Mimi ni Muislamu. Zoezi hili linanihusu?

Linakuhusu. Nusu ya niliofanya nao zoezi hili ni Waislamu, na Tabora ni mji wa misikiti tangu enzi za misafara. Panga mtaa wako, uwe wa usiku wa kuamkia Idi au usiku wa kawaida tu. Kama nyumbani kwenu hamuweki sanamu za viumbe, acha watu nje kabisa. Weka nyumba, viatu, ndoo, baiskeli imeegemezwa. Kijiji chenye vitu bila watu hufanya kazi vizuri zaidi kwa hadithi, kwa sababu kila kitu kinakuuliza mwenyewe yuko wapi.

Hadithi lazima iwe ya Krismasi?

Hapana. Msimu ni wa kujenga tu. Ukiandika ya Krismasi yenyewe, jihadhari na ule mwisho ambapo bahili analainika na wote wanakula pilau. Bahili anaweza kununua mchele na bado akabaki bahili.

Mtoto au paka ameangusha nusu ya kijiji.

Kabla ya kuinua chochote, chukua daftari. Andika kila kitu kilipoangukia: kanisa limelala juu ya duka, mbuzi yuko ndani ya kisima, nyumba ya mgeni haikuguswa. Kisha inua. Utakuwa na mafuriko, kimbunga au bomoabomoa ambayo usingeithubutu kwa hiari yako.

Nimeandika juu ya mtaa wetu, jirani amejitambua na amenuna.

Kijiji kinakusaidia kama utakitumia mapema. Usijenge nyumba yake jinsi ilivyo. Chukua mlango wa huyu, deni la yule, ukali wa shangazi wa rafiki yako wa Nzega, uvitie kwenye nyumba ya boksi isiyofanana na yoyote Isevya wala Kanyenye. Kama ameshanuna, nenda kwake na muongee. Na kama ulichoandika kinaweza kumvunjia mtu heshima, usikichapishe kwanza.

Nikiandika hadithi kutokana na kinyumba cha kampuni, nitashtakiwa?

Hakimiliki hulinda kazi iliyokwisha kuumbwa, si wazo la nyumba yenye taa dirishani. Ndivyo ilivyo hata kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999. Wahusika na kisa ni vyako. Ila usitumie jina la kibiashara la kijiji kama jina la kitabu, na usiweke picha ya vinyumba vyao kwenye jalada bila ruhusa. Piga picha ya vile vyako vya boksi.

Naweza kutumia kijiji kilekile mwaka wa pili?

Ndiyo, na ndipo kinaponoga. Unapokifunga Januari, piga picha kutoka juu, na juu ya kila boksi andika aliyeishi humo na alichokuwa hajakimaliza. Ukikifungua Desemba inayofuata, usirudishe kila nyumba mahali pake. Hamisha moja tu. Hadithi ya mwaka wa pili ni sababu ya kuhama.

Anayeandika riwaya afanye hivyo kwa kila sehemu ya kitabu. Ni rahisi zaidi kuliko kuchora mti wa ukoo ukutani.

Nimemaliza. Nipeleke wapi?

Kwanza msomee mtu mmoja ambaye hajawahi kukiona kijiji chako. Asipoelewa duka liko wapi, tatizo liko kwenye maandishi, usimwonyeshe meza. Baada ya hapo kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na kuna Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell kwa miswada mirefu. Soma masharti ya mwaka husika, hasa urefu na tarehe ya mwisho. Picha za vinyumba usiziambatanishe, majaji hawana haja nazo.